Kuotesha yamayuri kwa mbegu: mwongozo kamili kwa aliyengoja jani asilione

Kila msimu wasomaji huniuliza swali lilelile. Mtu amenunua mbegu za yamayuri, yungiyungi la porini la milima ya Japani, Lilium auratum, lenye ua jeupe linaloweza kufika upana wa sentimita 25 na mstari wa dhahabu unaopita katikati ya kila petali. Amezipanda kwenye chungu, amemwagilia, amengoja. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, udongo ni mtupu. Anauliza kama aliuziwa mbegu zilizokufa, na mara nyingi anapouliza ameshaumwaga udongo wote jalalani.

Mbegu zile kwa kawaida zilikuwa hai, tena zikiwa kazini. Yamayuri huota kwa vipindi viwili, na kipindi cha kwanza chote hupita chini ya udongo. Joto huiamsha mbegu itengeneze tunguu dogo, mfano wa kitunguu. Tunguu hilo halitoi jani mpaka lipitiwe na baridi ya miezi miwili au mitatu. Kwao, kwenye miteremko ya Honshu, kisiwa kikuu cha Japani, mbegu inayodondoka Oktoba au Novemba hukuta baridi imeshaingia, basi hulala. Hutengeneza tunguu lake kwenye joto la mwaka unaofuata, hupita tena kwenye theluji, na jani huchomoza majira ya kuchipua ya mwaka wa pili. Ukizipanda chunguni na kuziacha nje, nawe utangoja hivyohivyo, karibu mwaka mmoja na nusu.

Njia ninayoieleza hapa inafupisha safari hiyo ikawa kama miezi sita. Unazipitisha mbegu kwenye joto, kisha kwenye baridi, ndani ya mfuko unaoonyesha kinachoendelea.

## Kwa nini mbegu, na si tunguu la dukani

Tunguu la dukani hutoa ua mapema, lakini yamayuri hushika virusi vya mayungiyungi kirahisi sana, na virusi husafiri ndani ya tunguu. Tunguu lenye virusi huchanua vizuri msimu wa kwanza, mwaka wa pili majani yanakuwa na michirizi ya manjano na kujikunja, wa tatu halionekani tena. Mbegu kwa kawaida hazirithi virusi hivyo. Mche wa mbegu huanza maisha ukiwa safi, na ukiulinda unaweza kukaa nawe miaka mingi.

Usiwaze kabisa kuchimba matunguu ya porini, hata ukiwa Japani na umeyaona kando ya njia. Yamayuri inapungua sehemu nyingi kwa sababu nyasi za miteremko hazifyekwi tena kama zamani na vichaka vinaifunika, na nguruwe pori huyafukua matunguu na kuyala.

## Vitu vya kuandaa

Kusanya hivi vyote kabla hujaloweka mbegu hata moja:

- Mbegu 30 au zaidi, za mavuno ya msimu huu. Za zamani huota chache.
- Mifuko midogo ya plastiki yenye zipu, inayoonyesha ndani.
- Vamikulaiti (madini mepesi yanayoshika unyevu) ya punje ndogo. Ukiikosa, tumia kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) iliyooshwa mara kadhaa kuondoa chumvi.
- Pelaiti au pumisi (punje nyepesi za mawe ya volkeno), au changarawe laini isiyo ya chokaa.
- Magome ya msonobari yaliyosagwa na kuoza, pamoja na mboji ya majani.
- Vyungu vyenye kina cha sentimita 15 au zaidi, vyenye matundu chini.
- Kipimajoto kidogo.
- Maji ya mvua.
- Lebo na kalamu ya wino usiofutika.
- Nafasi kwenye friji ya kawaida. Friza haifai.

Kipimajoto ndicho watu hukiacha, kisha wakakisia. Joto la juu ya kabati la jikoni na la sebuleni yanaweza kupishana sana, na kazi hii yote inategemea joto.

## Anza lini

Kwa wanaoishi Ulaya na Amerika Kaskazini, anza Oktoba. Joto litakwenda hadi Januari, baridi ya friji hadi Machi au Aprili, na jani litatoka siku zikiwa zinarefuka. Ukianza Machi, tunguu litakuwa tayari kutoa jani Septemba, mche utakutana na kipupwe ukiwa haujala kitu, na wengi hufa.

## Hatua ya 1: Chambua mbegu

Mbegu za yamayuri ni bapa, nyembamba kama karatasi, rangi ya kahawia hafifu, na zina ukingo mpana kuzunguka kiini. Ndani ya ganda moja kavu zimepangana kwa wingi, lakini si zote zina uhai.

Shika moja moja mbele ya dirisha au taa. Mbegu nzima ina kivuli cha mviringo katikati, na ndani yake mstari mmoja mwembamba, karibu umenyooka. Mstari huo ndio kiinitete. Mbegu isiyo nao ni tupu, mwanga unapita wote. Itupe sasa, kwa sababu mbegu tupu ndizo zinazoanza kuota ukungu mfukoni na kuziambukiza nzima.

Usishangae ukibaki na nusu ya ulizonunua. Bora 15 nzima kuliko 30 zilizochanganyika.

## Hatua ya 2: Loweka na kuosha

Ziweke kwenye maji safi ya vuguvugu kwa saa 24, ukiyabadilisha mara moja katikati. Maji yanalainisha ganda na kuondoa vumbi lenye vijidudu vya ukungu. Baada ya hapo zitandaze juu ya kitambaa safi kwa dakika chache, zisiwe zinachuruzika.

Kuelea si dalili ya ubovu. Ule ukingo mpana huzifanya hata mbegu nzima zielee. Mwanga wa dirishani ndio wa kuuamini.

## Hatua ya 3: Mfuko wa joto

Hapa ndipo wengi hushindwa, na tatizo karibu kila mara ni maji.

Weka vamikulaiti kwenye bakuli, nyunyizia maji ya mvua kidogo kidogo huku ukichanganya. Ikamate kiganjani, ikamue kwa nguvu zako zote. Ikitoa hata tone moja, imezidi maji. Ongeza kavu, changanya, kamua tena. Unataka iwe na ubaridi wa unyevu mkononi lakini isidondoshe kitu. Mbegu inayolala kwenye maji miezi mitatu haioti, inaoza.

Tia mbegu, changanya taratibu ili zisigusane sana, uhamishie mfukoni. Acha hewa kiasi ndani kisha ufunge. Andika kwenye mfuko jina, idadi na tarehe. Bila tarehe utapotea njia mwezi wa pili.

Weka mfuko mahali penye nyuzi 18 hadi 22 za sentigredi, usiku na mchana, pasipo na jua la moja kwa moja. Giza halina shida. Pakizidi nyuzi 25 ukungu unapata nguvu kuliko mbegu. Pakishuka chini ya 15, mbegu hukaa tu.

Sasa utakaa hivyo miezi mitatu hivi. Mara moja kwa wiki fungua mfuko kwa dakika moja hewa ibadilike, kisha ukague. Ukiona mbegu yenye manyoya ya kijivu au iliyolainika na kunuka, itoe pamoja na vamikulaiti iliyoizunguka. Ukungu mweupe hafifu kwenye ukingo wa mbegu ngumu si msiba: toa mbegu, ioshe, ibadilishie vamikulaiti.

Matone makubwa yakijaa upande wa ndani wa plastiki, acha mfuko wazi saa chache. Yasipoonekana hata kidogo, nyunyiza maji kidogo sana.

### Mafanikio yanavyoonekana

Kuanzia wiki ya sita hivi, wakati mwingine baadaye, utaona uzi mweupe umetoka pembeni mwa mbegu. Uzi huo huenda milimita chache, kisha sehemu yake huvimba kidogo, kama ushanga. Chini ya uvimbe huo kinashuka kimzizi. Uvimbe ni tunguu. Kwa wiki kadhaa litabaki limeshikamana na ganda la mbegu kwa ule uzi, likinyonya chakula kilichobaki humo. Usikate uzi huo, na usivute ganda kulitoa. Linaachia lenyewe kazi yake ikiisha.

Ukichungulia chini ya mfuko na kuona vitone vyeupe vyenye mikia, umeshafika mbali kuliko wengi. Na jani bado hakuna. Hakuna, na halitatoka hata ungengoja hapo mwaka mzima kwenye joto. Watu huona mizizi, hufurahi, hupanda chunguni sebuleni, kisha huandika tena kuuliza jani liko wapi.

## Hatua ya 4: Baridi

Tunguu likifikia milimita 3 au zaidi na ganda limeanza kunyauka, liko tayari. Huna haja ya kungoja mbegu zote. Zikiwa nyingi zimeshafanya matunguu, hamishia hizo mfuko wa pili. Zile ambazo hazijaanza zirudishe kwenye joto, kwa sababu baridi sasa haitazifundisha kitu.

Mfuko wa matunguu weka ndani ya friji kwenye nyuzi 2 hadi 5, kwa wiki 10 hadi 12. Weka kipimajoto palepale mfuko ulipo, si mlangoni. Sehemu ya nyuma kabisa ya friji nyingi hugandisha, na tunguu la ukubwa huu likiganda mfukoni linageuka maji.

Usiuweke karibu na tufaha, ndizi au parachichi. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huharibu machipukizi ya matunguu. Kama friji ni ya familia nzima, tia mifuko kwenye kopo lenye kifuniko na uliandike wazi, lisije likadhaniwa ni kitoweo.

Kagua kila baada ya wiki mbili. Utakachotafuta ni ncha ndogo, nyeupe au ya kijani hafifu, inayosukuma kutoka juu ya tunguu. Ikitokea hata kabla ya wiki 10, toa mfuko wote na uyapande matunguu. Ncha ikirefuka gizani inakuwa dhaifu na kukatika mkononi.

Zikitimia wiki 12 bila ncha, panda tu. Joto la chunguni litamaliza kazi.

## Hatua ya 5: Kupanda chunguni

Changanya sehemu mbili za magome ya msonobari, moja ya mboji ya majani na moja ya pelaiti au pumisi. Porini yamayuri hukua kwenye miteremko, mara nyingi juu ya udongo wa volkeno, ambako mvua kubwa hunyesha na maji hayatuami. Mchanganyiko wako unapaswa kufanya hivyohivyo: ukimwaga maji juu, yaanze kutoka chini ndani ya sekunde chache.

Yamayuri inataka udongo wenye tindikali, pH (kipimo cha tindikali) ya 5.5 hadi 6.5. Haitaki chokaa, jivu wala maganda ya mayai. Samadi mbichi usiikaribishe popote karibu nayo, hata ikiwa ndiyo inayofanya mboga zako zipendeze. Huozesha tunguu kuanzia kitako.

Tengeneza tundu la sentimita 2, laza tunguu mizizi ikielekea chini, funika taratibu. Acha sentimita 3 kati ya moja na jingine. Juu tandaza changarawe laini isiyo ya chokaa, unene wa nusu sentimita: inazuia matone ya mvua kuurushia mche matope, na konokono hawaipendi sana.

Weka chungu mahali penye mwanga mwingi lakini si jua la adhuhuri. Mwagilia kwa maji ya mvua. Maji ya bomba katika miji mingi yana chokaa, na baada ya miezi michache utayaona majani yamegeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Hiyo ni njaa ya madini ya chuma: chuma kipo udongoni ila mmea hauwezi kukichukua.

## Hatua ya 6: Mwaka wa jani moja

Ndani ya wiki mbili hadi sita jani litatoka. Moja tu. Limechongoka kidogo, linang'aa, limelala karibu na udongo, urefu wa vidole viwili au vitatu. Halina shina. Litakaa hivyo msimu mzima, na hayo ndiyo mafanikio ya mwaka wa kwanza.

Jani hilo moja ndilo jiko la mmea wote. Likiliwa na konokono mwezi wa kwanza, tunguu linaweza kufa au kupoteza mwaka mzima. Kwa hiyo kagua jioni kwa tochi, hasa baada ya mvua.

Mbolea ya maji nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kila wiki tatu, inatosha. Jani likianza kugeuka manjano majira ya kupukutika, acha mbolea na upunguze maji. Usilikate likiwa na kijani. Linarudisha chakula chini.

Usihamishe miche mwaka huo. Najua hamu ya kuchokonoa uone tunguu limekua kiasi gani. Iache. Mizizi hii ikikatika inachukua muda mrefu kurudi.

Mwaka wa pili yatatoka majani mawili au matatu. Wa tatu, yenye afya hutoa shina fupi. Ua la kwanza linakuja kati ya mwaka wa nne na wa sita, mara nyingi moja peke yake.

## Hatua ya 7: Mahali pa kudumu

Hamisha wakati majani yamekufa na tunguu limelala, likiwa limefika angalau sentimita 3. Chagua mteremko, au jenga tuta lililoinuka sentimita 30. Porini mmea huu husimama ukingoni mwa msitu au kwenye nyasi: miguu imefunikwa na majani ya mimea mingine, kichwa kimepata jua. Panda karibu na vichaka vifupi visivyo na mizizi mikali. Azalia zinafaa, kwa kuwa nazo zinapenda tindikali.

Panda kwa kina cha sentimita 15 hadi 20 juu ya tunguu. Wengi huona ni kirefu mno. Sababu ni kwamba yamayuri ina mizizi ya aina mbili: ya chini ya tunguu, na mingine inayotoka kwenye shina lenyewe, juu ya tunguu, ndani ya udongo. Hiyo ya juu ndiyo inayolisha shina na maua. Ukipanda juujuu inakosa pa kukaa, na shina linaanguka siku ya upepo wa kwanza.

Chomeka mti wa kuegemea siku hiyohiyo ya kupanda, kando ya tunguu. Ukiuchomeka miezi baadaye, utalitoboa tunguu bila kujua. Tandaza matandazo ya majani makavu juu.

## Maadui

Vidukari ndio hatari kubwa, kwa kuwa ndio wanaobeba virusi kutoka mmea mmoja hadi mwingine. Waue mara unapowaona, kwa vidole au maji ya sabuni. Usipande yamayuri karibu na tulipu, wala karibu na yungiyungi la rangi ya chungwa lenye madoa meusi, Lilium lancifolium: hilo linaweza kubeba virusi miaka mingi bila kuonyesha dalili, huku likiwaambukiza jirani. Mmea ukishaonyesha michirizi na kujikunja hauponi. Ung'oe wote na uuchome.

Madoa ya kahawia yenye ukingo mweusi kwenye majani wakati wa mvua ndefu ni ukungu wa botritisi. Toa majani yaliyougua, ongeza nafasi kati ya mimea, na mwagilia chini, asubuhi. Tunguu linalooza kutoka kitako huku magamba yakiachana ni ukungu wa fusari, na chanzo huwa maji yaliyotuama.

Ulaya, na sehemu kadhaa za Amerika Kaskazini, yuko pia mbawakawa mwekundu wa mayungiyungi. Mwokote mmoja mmoja. Angalia pia chini ya majani: buu wake hujifunika kwa kinyesi chake, anaonekana kama tope.

Kama una paka, fikiri upya. Kila sehemu ya yungiyungi la jamii hii, hata chavua au maji ya chombo cha maua, huua figo za paka. Akila kidogo tu, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usingoje dalili.

## Kulingana na unakoishi

Uskoti, Uingereza ya magharibi, Seattle, Vancouver: mna hali ya hewa inayoifaa. Penye theluji kali ongeza matandazo mazito kabla ardhi haijaganda.

Nyanda za juu kama Limuru, Lushoto na Njombe: hatua za mfuko na friji zinafanya kazi vilevile, lakini baridi yenu haishuki ikakaa chini ya nyuzi 5 kwa wiki nyingi mfululizo. Lea mimea kwenye vyungu, na kila mwaka majani yakifa chimbua matunguu, yafunike kwa kokopiti yenye unyevu kidogo, uyapitishe tena friji kwa wiki 10. Ni kazi ya kila mwaka, na yeyote asiye tayari nayo asianze.

Pwani, na nchi za Ghuba, jibu ni hapana. Usiku hauna ubaridi wa kutosha, na udongo wa matumbawe umejaa chokaa.

## Kuvuna mbegu zako mwenyewe

Miche miwili ikichanua pamoja, chukua chavua ya mmoja kwa brashi laini, paka kwenye ncha inayonata katikati ya ua la mwingine. Mmea mmoja ukijichavusha wenyewe kwa kawaida hutoa mbegu chache sana au tupu. Ganda la mbegu litasimama wima na kuvimba. Acha likae shinani mpaka ligeuke manjano kisha kahawia, na juu lianze kufunguka nyufa. Likate hapo, kabla upepo haujazipeperusha mbegu, ulianike ndani ya bahasha ya karatasi kwa wiki moja, kisha uzirudishe mbegu dirishani kutafuta ule mstari, na uanze mfuko mpya Oktoba hiyohiyo au Novemba.